Divai ya Wifi, Ndagala Zangu

Binti yangu alifumba macho. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza, kabla ya mengine yote.

Wifi yangu alikuwa amefungua chupa ya divai nyeupe barazani kwetu, Kalundu, mchana wa jua kali. Akammiminia kidogo tu chini ya glasi, akamwambia, "Usikimbilie kunywa. Zungusha, halafu unuse." Binti akazungusha, akaingiza pua ndani ya glasi, na macho yakafumba yenyewe.

"Tantini!" akasema, kwa jina analomwitia wifi. "Inanukia maua!"

Nimempikia mtoto huyo tangu alipoanza kula. Nimemkaangia, nimemchomea, nimemchemshia uji wakati wa homa. Mbele ya sahani yangu hajawahi kufumba macho, ila wakati wa kusali.

Nieleze kwanza nani ni nani. Wifi ni mke wa kaka yangu mdogo. Waliishi Ubelgiji miaka mingi, naye alifanya kazi katika mkahawa. Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda kuwa mtu wa kupeleka sahani mezani, na mwisho akawa mtu wa divai, yule anayekuja kukuambia chakula ulichoagiza kinataka kinywaji gani. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo. Sasa wamerudi Uvira, na katika mizigo yao zilikuwamo chupa nyembamba za shingo ndefu, zimefungwa ndani ya nguo.

Mimi ninafundisha mapishi kwa wasichana na akina mama katika foyer ya parokia, nyumba ya mafunzo ya wanawake. Ni kazi ninayoipenda kwa sababu ninapenda kueleza. Mwanafunzi akiunguza vitunguu simgombezi. Ninamwuliza moto ulikuwa mkubwa kiasi gani, na yeye alikuwa wapi, na mara nyingi anapata jibu mwenyewe. Na katika ukoo wetu, sherehe zote, za ubatizo, za komunyo, za arusi, meza ilikuwa yangu. Hakuna aliyenichagua. Ilikuwa hivyo tu.

Katika siku za mbele yetu kulikuwa na meza moja iliyonihusu kuliko zote. Wakwe walikuwa waje kutoka Runingu kuleta mahari ya binti yangu. Kwetu, siku hiyo, mama wa binti haonekani mwanzoni. Anakaa jikoni, nyuma ya pazia. Wageni wanakula, na wakishakula mzee wao anauliza: ni mikono ya nani imetulisha? Mwenye mikono anaitwa, anasimama mbele yao, wanampigia makofi. Kuanzia hapo wanajua msichana wao amejifunza nyumba kwa mwanamke gani. Nilikuwa nimengoja kuitwa hivyo tangu binti alipoanza kujifunza kusonga bugali akiwa amepanda juu ya kiti kidogo.

Kesho yake asubuhi binti alinikuta ninachambua lenga-lenga.

"Mama, usikasirike."

"Ukianza vile, nimekwisha kukasirika."

"Ile siku ya bakwe... ninaomba tantini ndiye apange meza."

"Na minye, mama yako?"

"Weye utapumuzika."

"Nani alikuambia nimechoka?"

Akakaa karibu yangu, akachukua fungu la mboga, akaanza kuchambua naye ili asiniangalie. "Mama, weye kila sherehe iko ileile. Bia, mishikaki, ndizi za kukaanga. Watu wa Runingu wanajua ile yote. Tantini iko na kitu yenye hawajaona."

Nikamwambia sawa. Sauti yangu ilitoka vizuri. Lakini majani niliyoyatupa siku hiyo yalikuwa mazuri, na mabua niliyaweka ndani ya sufuria.

Wifi alikuwa ameniachia chupa moja. "Uizoee, wifi yangu," alisema. Nilingoja nyumba iwe tupu, nikaitoa kabatini, karibu na jiko. Nilitaka kujua binti yangu alifumbia nini macho. Nikamimina, nikazungusha kama nilivyoona, nikanusa. Mafuta ya nywele! Yale ya saloni, ya bei ndogo, wanayokupaka bila kukuuliza. Nikaonja. Tamu, nzito, inashuka polepole kama dawa ya kikohozi. Nikacheka peke yangu jikoni. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku zote za wiki ile. Kumbe ni hii! Nikaifunga chupa, nikaibeba kwa wifi, na njiani nilikuwa nikitengeneza maneno ya huruma.

"Wifi," nikamwambia, "sijui kama hii itapita kwa wazee. Iko kama kunywa mafuta."

Akagusa chupa. Akaniangalia. Kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Wifi yangu! Umeinywa ya moto?"

Ndiyo, niliinywa ya moto, na ninataka msomaji aelewe kwa nini. Kwetu, ukikaa mahali pa vinywaji, swali la kwanza ni hili: ya moto ama ya baridi? Vijana wanachukua ya baridi. Mtu mzima anachukua ya moto, maana yake ile iliyokaa nje ya friji, kwa ajili ya koo na kifua chake. Kumpelekea mzee kitu cha baridi bila kumwuliza ni utovu wa adabu. Kwa hiyo divai ile nilikuwa nimeipa heshima yote. Ndiyo iliyoiharibu.

Umeme haukuwapo. Wifi alituma kununua barafu kwa wauza samaki wa bandarini, akaitia ndani ya ndoo pamoja na maji, akaizamisha chupa mpaka shingoni. Tukakaa. Akaniuliza habari za foyer, nikamjibu kwa ufupi. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha kichwa vizuri mno, kwa namna ambayo mimi nikijaribu kinalegea, na hilo pia lilinikera. Halafu akanimiminia.

Mama yangu alikuwa na dada kule juu, Lemera. Nilipokuwa mdogo tulikwenda kumsalimu, tukipanda kwa miguu, na kama mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, harufu ya maua ya kahawa ilikuwa inatushukia njiani kabla hatujaona shamba lolote. Harufu nyeupe, nyepesi, inayokufanya uvute pumzi mara mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya glasi. Nyuma yake kulikuwa na pera lililoiva, na mwisho kabisa tangawizi kidogo.

Nilikaza macho yasifumbe. Nilisema, "Haiko mbaya."

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi, na sikupenda, lakini siwezi kuacha kuuliza jambo nikishalianza. Wifi anaeleza vizuri. Hilo nalo lilinikera. Alisema divai za namna hii, zenye harufu nyingi, zina utamu kidogo na uchachu mdogo. Chakula cha sauti kubwa kinazifunika. Chakula kisicho na ladha kinaziacha zisimame peke yao, nazo zikisimama peke yao zinachosha haraka. Lazima utafute chakula cha kuzijibu.

Tukajaribu. Kwanza sombe yangu, majani ya muhogo yenye mawese. Mafuta yale mekundu yalitandika ulimi wote, na divai ilipopita juu yake ilikuwa maji ya sukari tu. Maua yote yalikufa. Nikaiona sombe yangu ikishindwa mbele ya mgeni. Kisha wifi akaleta chakula alichokipanga kwa wakwe: samaki wa sangala katika sosi ya maziwa, nyeupe, laini, na kijani kidogo juu. Pamoja na divai hakikuwa kibaya. Vilikuwa kama watu wawili wenye heshima wanaosalimiana barabarani, kisha kila mmoja anaendelea na safari yake.

"Unaona?" wifi akauliza, amefurahi.

"Ninaona," nikasema.

Nilirudi nyumbani na mabaki ya chupa, nimeyazungushia kitambaa kilicholowa. Jikoni kulikuwa na ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, mbichi za asubuhi. Nilikuwa na njaa tu, sikuwa ninatafuta kitu. Nikazitoa vichwa, nikaziosha kwa ndimu, nikazikaanga kwa mafuta meupe, na mwishoni nikatupia tangawizi iliyosagwa na pilipili. Nikala moja. Pilipili ikapanda. Nikachukua divai kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Nikaweka glasi chini. Nikala tena, nikanywa tena, polepole, kama ninavyowafundisha wasichana kuonja mchuzi. Utamu wa divai ulizima moto wa pilipili, lakini joto lake lilibaki. Chumvi ya samaki iliushika utamu wa divai, ukapungua, na maua yakarudi, makubwa kuliko mara ya kwanza. Tangawizi ya sufuriani ilikutana na ile tangawizi ya mwisho kabisa. Kila kimoja kilikuwa kinamwuliza mwenzake habari na kungoja jibu.

Hapo macho yangu yalifumba. Hakukuwa na mtu wa kuona.

Asubuhi ya sherehe nilifika jikoni na beseni la ndagala. Jiko lilikuwa langu lakini nilipita kama mpangaji. Wifi alikuwa amepanga sangala zake vizuri sana, glasi zimesuguliwa, ndoo za barafu pembeni.

"Ndagala, wifi?" akasema, kwa upole. "Kwa bakwe?"

Binti, amevaa vitenge vyake vipya, akaweka mkono kiunoni. "Mama! Ndagala iko ya kila siku. Watasema tumekosa."

"Sahani moja tu," nikasema. "Pembeni. Hawataiona."

Wakacheka wakaniruhusu. Nikazikaanga, nikaziweka pembeni ya meza, nikarudi nyuma ya pazia.

Wakwe walifika, wakakalishwa uani chini ya turubai la bashe, maneno ya mwanzo yakasemwa. Wifi akaanza kumimina divai jikoni, glasi moja baada ya nyingine, akizipanga juu ya sinia.

"Wifi," nikamwambia, "hapa kwetu chupa inafunguliwa mbele ya mgeni."

"Ninajua, wifi. Ile ni kwa bar. Hawa ni familia sasa. Glasi zikitoka pamoja, zimejaa, zinapendeza macho."

"Mama," akasema binti, "acha tantini afanye kazi yake." Akatoka kwenda kukaa mahali pake karibu na mchumba.

Nikasogea kwenye pazia. Sinia ikatoka.

Hapa nieleze kwa msomaji wa mbali. Katika upande wetu, neno sumu linasemwa kwa sauti ndogo, lakini kila mtu analijua. Si kwamba mgeni anakushuku. Ni wewe unayemwondolea mzigo wa kushuku. Unaleta chupa imefungwa, unaifungua akiona, unajimiminia kwanza, unakunywa, ndipo unampa. Mtu aliyekaa Ulaya muda mrefu anaikumbuka desturi hiyo kwa kichwa, lakini mikono imesahau.

Kupitia pazia niliwaona wakwe wamezishika glasi. Walizishika vizuri, kwa adabu, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Hakuna aliyeinua. Baba mkubwa wa mchumba, mzee mwembamba mwenye kofia, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Aliiangalia yake, akamgeukia mume wangu.

"Bwana, hizi glasi zimetoka wapi?"

"Jikoni, mzee."

"Ninaona. Ninauliza mama yao iko wapi. Watoto wamefika peke yao."

"Labda mama yao iko anavaa," akasema kijana wa upande wao, na watu wakacheka. Lakini glasi zilibaki mikononi. Mmoja akaiweka yake mezani, akaisogeza mbali kidogo kwa kidole.

Wifi alinishika mkono. "Hawapendi? Iko baridi sana?"

Sitaficha: moyo wangu ulicheza. Meza ya tantini ilikuwa imekaa pale bila kuguswa, na glasi zake zilizosuguliwa zinatoka jasho juani. Kisha nikamwona binti yangu. Alikuwa amekaa wima, mikono imebana kitenge, na aliangalia kwenye pazia. Sijui alikuwa anamtafuta nani kati yetu wawili. Mpaka leo sijui. Ila sijawahi kuuona uso wake umekuwa mdogo namna ile.

"Chukua chupa yenye haijafunguliwa," nikamwambia wifi, "na kizibuo chako. Nifuate."

Tukatoka. Nilitoka kabla ya kuitwa, na niliona shangazi zangu wakitazamana. Nikapiga magoti kidogo mbele ya mzee, nikampa chupa aishike, aone kwamba imefungwa. Mimi sijui kutumia kizibuo, kwa hiyo nikamwachia wifi. Kizibo kikatoka kwa sauti ndogo.

"Aaa," akasema mzee. "Sasa mama amefika."

Nikajimiminia, si tone la kuonja. Glasi ya kweli. Nikanywa mpaka nusu, nimesimama, wote wakiona.

"Karibuni, baba. Na mutusamehe, tulikuwa na haraka ya kuwapendeza."

Akamiminiwa, akagusa glasi. "Lakini iko baridi! Weye unataka kuua koo yangu? Minye ninakunywa ya moto."

"Baba, ya moto nimeionja kwa ajili yenu. Iko kama mafuta ya saloni."

Wanawake wa upande wao wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mupe ya moto, akili yake ilainike!"

"Nuseni kwanza," nikamwambia. "Halafu muchukue hizi ndagala, pilipili ikipanda ndipo munywe."

Akanusa kwa mashaka. "Divai minye ninajua ya Padri tu. Ile haina maua."

"Na Padri anafanyaje?" akauliza yule kijana.

"Padri anakunywa wa kwanza, kanisa nzima ikiona," mzee akajibu. "Mbona munatuletea glasi za nyuma ya pazia?" Na yeye mwenyewe akacheka, na hapo nikajua imepita.

Alikula ndagala. Nikaona pilipili ikimfikia, jasho chini ya kofia. Akanywa. Akachukua ndagala nyingine, akanywa tena, halafu akanyoosha mkono wote, akaivuta sahani nzima kutoka pembeni ya meza mpaka mbele yake.

"Hii samaki ya maziwa," akasema, "mupe wenye kukosa meno."

Nililiokota neno hilo nikaliweka mahali pazuri ndani yangu. Usinihukumu.

Maneno yakaendelea, mahari yakapokelewa, watu wakala. Na ule wakati ukafika. Mzee akafuta midomo, akasimama.

"Ni mikono ya nani imetulisha?"

Nilikuwa nimesimama karibu, na chupa mkononi, ninawaongezea. Binti yangu akainuka. Alikuwa mzuri siku ile, mrefu kuliko nilivyokumbuka.

"Ni ya tantini yangu," akasema. "Ndiye alipanga meza."

Ilikuwa kweli. Nimemfundisha mwenyewe kusema kweli. Wifi akasimama mbele yao, wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa kile kilichofungwa vizuri. Mimi nilimwongezea divai mama mmoja aliyeninyooshea glasi yake bila kuniangalia, na nikahakikisha haimwagiki.

Jioni, wakwe walipokwisha kuondoka, nilikaa uani na beseni la vyombo. Wifi alikuwa barazani, amevua viatu, anajipepea, watu wanampongeza. Nilikuwa ninaosha sangala iliyogandia kwenye sahani. Ilikuwa nyingi. Nikasikia kitenge kinachakarisha nyuma yangu, na binti akachuchumaa karibu na beseni.

"Mama. Zile ndagala ulizifanya namna gani?"

"Muulize tantini yako."

"Nimemuuliza. Hajui."

Nikaendelea kuosha.

"Amesema hata Ubelgiji hajaonja kitu yenye inakubali ile divai namna ile. Mama, baba mukubwa amesema nikifika Runingu, siku ya kwanza atakuja kula kwangu, na anataka zile. Si zingine. Minye nitamupa nini?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeambiwa kusoma mbele ya darasa. "Nilikuwa ninakuona unakaanga kila siku. Sikuangalia."

Nikamwangalia vizuri. Kulikuwa na unga kidogo kwenye shavu lake, sijui wa nini. Nikafuta mikono, nikamsogezea kiti kidogo, na nikaanza kwa mwanzo, kama ninavyoanza na wanafunzi wangu wote. Nikamweleza kwamba ndagala inachaguliwa kwa jicho, ling'ae. Kwamba ndimu inaingia kabla ya chumvi, na mafuta yasiwe mekundu. Kwamba tangawizi ikitangulia inaungua na kuwa chungu.

"Wifi!" sauti ikaita kutoka barazani. "Unamuelezea za ndagala? Minye pia ninataka kusikia!"

"Pumuzika, wifi!" nikaitika. "Umefanya kazi sana leo!"

Nikainama karibu na sikio la binti yangu, na yale ya pilipili nikamweleza polepole sana, kwa sauti ya chini.